Maswali ya Wasomaji: Ndege za Mabomu Zilizopotea Baharini

Katika toleo lililopita tulichapa habari fupi ya ndege ya mabomu ya Kimarekani aina ya B-24 iliyopewa jina la Heaven Can Wait. Ilidunguliwa tarehe 11 Machi 1944 ikaanguka kwenye Ghuba ya Hansa, Papua New Guinea, na mabaki yake yakapatikana chini ya bahari mwaka 2017. Barua zimekuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Zenye swali moja tumeziunganisha, na zile ndefu tumezipunguza.

*Ndugu mhariri, nimesoma kwamba ndege za Lancaster za Uingereza zilibeba boti ya mpira iliyojijaza upepo yenyewe, na kila mtu alivaa jaketi okozi. Sasa kwa nini ndege nyingi zikiingia baharini hakuokoka hata mmoja? — H.M., Tanga*

Kwa sababu boti ile iliwafaa waliotua majini, na ndege nyingi hazikutua, zilianguka. Ndege iliyomiminiwa risasi gizani, tangi la mafuta likashika moto juu mita 6,000, haikuwa na rubani wa kuchagua wimbi la kutulia. Nyingine ilipasuka hukohuko angani. Bwana H.M., unapoona kwenye kumbukumbu maneno "haikusikika tena baada ya kuruka", mara nyingi maana yake ni hiyo: mwisho ulikuja kwa sekunde, na boti ilibaki imekunjwa bawani.

Tuichukue basi ile iliyopata dakika tano. Lancaster ilikuwa na watu saba: rubani, fundi wa injini, mwongoza njia, mlenga mabomu, mwendesha redio na wapiga rashasha wawili, mmoja mgongoni mwa ndege na mwingine mkiani. Rubani akishajua hafiki nyumbani, anatangaza kwenye simu ya ndani. Mabomu yanaachiwa, kisha milango ya ghala lake inafungwa tena. Hilo la kufunga si dogo. Ghala lilikuwa na urefu wa mita 10, karibu nusu ya ndege nzima, na likiwa wazi linachota maji na kuisimamisha ndege ghafla. Mlenga mabomu anatoka puani, kwa kuwa pua ndiyo inayopasuka kwanza. Mpiga rashasha wa mkiani anaacha kibanda chake. Wasio na kazi wanakaa sakafuni, migongo imeegemea mhimili mkuu wa bawa, viganja vimeshika kisogo. Vilango vya dharura vya juu vinafunguliwa kabla ya kugusa maji, maana mwili wa ndege ukishapinda havifunguki hata ukivipiga teke.

Rubani hashushi magurudumu. Yakitangulia kugusa maji, ndege inapiga mbizi kwa pua. Flapu, yaani vibawa vya kupunguzia mwendo, anazishusha kiasi tu, anapunguza mwendo kadiri ndege inavyomvumilia, anatua mkia ukiwa chini, sambamba na migongo ya mawimbi marefu hata kama upepo unampiga ubavuni. Akiyakabili mawimbi uso kwa uso, anaweza kupita juu ya moja na kuingia tumboni mwa linalofuata kama anayegonga ukuta. Upepo ukiwa mkali sana ndipo anaukabili, na hapo huhesabu kutua kwenye mteremko wa nyuma wa wimbi, si wa mbele.

Usiku kulikuwa na mtego mwingine, ambao watu wengi hawaufikirii: kipimo cha urefu. Kipimo kile husoma kanieneo ya hewa, na kilirekebishwa uwanjani kabla ya kuruka, saa sita au saba nyuma. Kanieneo ya usawa wa bahari ikishuka hektopaskali 10 katika muda huo, jambo la kawaida kabisa Bahari ya Kaskazini, sindano inaonyesha mita 85 hivi zaidi ya ukweli. Rubani anasoma mita 90, kumbe ana mita tano chini yake. Baadhi ya ndege ziligonga bahari injini zote zikiwa nzima na kila mtu yuko kwenye kiti chake.

Boti yenyewe ilikaa ndani ya bawa la kulia, jirani na mwili wa ndege, kwenye kisanduku chenye kifuniko cha juu. Swichi moja ilikuwa ikilowa inakamilisha mkondo wa umeme na kufungua chupa ya gesi ya kabonidayoksaidi. Kwa tahadhari, ndani ya ndege kulikuwa na kamba ya kuifungulia kwa mkono. Sasa angalia jinsi mambo yalivyoharibika. Kipande kimoja cha kombora kikipenya bawa kinatoboa mpira uliokunjwa, na tundu moja linakuwa matundu sita au saba ukikunjuliwa. Waya zinakatwa na risasi. Boti inajaa kifudifudi, na watu waliovaa mabuti na nguo nzito zilizolowa wanatakiwa waipindue wakiwa ndani ya maji, gizani. Iliwahi hata kujaa yenyewe ndege ikiwa angani, ikanasa kwenye mkia. Na ikijaa vizuri, bado kuna kamba inayoishikilia kwenye ndege, ambayo lazima ikatwe mapema. Kwa hiyo kisu kilikuwa sehemu ya vifaa vyake, pamoja na pampu ya mkono, vizibo vyenye umbo la pia vya kuzibia matundu, makopo ya maji, vidonge vya maziwa, fataki za ishara, na unga wa rangi unaogeuza maji kuwa kijani kibichi ili aliye juu aone.

*Ni kweli marubani wa Kimarekani waliogopa kutua majini na B-24 kuliko B-17? Na kama ni kweli, kosa lilikuwa wapi? — Fundi, Kisumu*

Ni kweli, na kosa lilikuwa kwenye umbo. Bawa la B-17 liko chini, kwa hiyo bawa zima linapokea pigo la maji na kuelea kwa muda. Bawa la B-24 liko juu begani. Kinachogusa maji ni tumbo, na tumbo la B-24 ni ghala la mabomu lenye milango iliyojikunja kando kama shata ya duka. Bati lake lilikuwa jembamba, halikuundwa kubeba mzigo wa maji. Linapasuka, maji yanaingia kwa kasi ya ndege yenyewe, na mwili unavunjika nyuma ya bawa. Watu waliokaa sehemu ya nyuma ya ghala walikuwa hatarini kuliko wote.

Wataalamu wa utafiti wa anga wa Marekani hawakubishana kwa maneno. Tarehe 20 Septemba 1944 waliitua makusudi B-24D kwenye mto James, Virginia, ikiwa imefungwa vipimo. Maji yalikuwa tulivu na rubani alijiandaa, lakini tumbo lilibomoka. Marubani wa bahari ya wazi hawakuwa na utulivu huo.

*Mhariri, shikamoo. Nashangaa ndege kubwa namna ile, yenye redio, inapotea mahali pasipojulikana. Kwani hawakujua walipo? — Mwanafunzi, Mombasa*

Marahaba. Mara nyingi walidhani wanajua. Mwongoza njia alikuwa anapiga hesabu: tumetoka hapa saa fulani, tumekwenda mwelekeo huu, mwendo huu, upepo unatusukuma kiasi hiki, basi tuko pale. Upepo ndio uliomwangusha. Akikosea upepo kwa kilomita 30 kwa saa, baada ya saa mbili yuko kilomita 60 mbali na alama aliyoweka kwenye ramani, na hakuna mnara wala kijiji cha kumsahihisha.

Redio ilisaidia ikiwa nzima. Mwendesha redio alituma SOS na mahali walipokadiria, halafu akakandamiza kitufe cha ishara za Morse na kukifunga ili sauti iendelee bila kukatika. Vituo vya nchi kavu viligeuza antena zao kutafuta sauti inatoka upande gani. Mistari ya vituo viwili au vitatu ikikatana kwenye ramani, hapo ndipo ndege ilipo. Lakini kosa la digrii moja tu, kwa umbali wa kilomita 200, ni kilomita tatu na nusu. Na wakiwa chini sana juu ya maji, mawimbi ya redio hayafiki mbali.

Fanya hesabu hii mwenyewe. Ndege inakwenda kilomita 330 kwa saa, yaani kilomita tano na nusu kila dakika. Ujumbe wa mwisho ulikuja nusu saa kabla haijapotea, na hujui iligeukia wapi. Inaweza kuwa popote ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 165. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 85,000, zaidi ya mara tatu ya Rwanda nzima. Unachokitafuta humo ni mpira wa njano usiozidi upana wa chumba kidogo, na kila saa inayopita mkondo na upepo vinauhamisha.

Ndiyo maana ndege nyingi za Uingereza zilibeba njiwa. Usicheke. Tarehe 23 Februari 1942, ndege ya mabomu aina ya Beaufort iliyokuwa inarudi kutoka Norway ilianguka Bahari ya Kaskazini na watu wanne. Njiwa wao, jike mmoja aliyekuja kujulikana kwa jina la Winkie, alitoka kwenye kisanduku na kuruka maili 120 hadi kwao karibu na Dundee, Scotland, manyoya yamepakaa mafuta. Hakuwa na barua yoyote mguuni. Walichofanya wenye akili ni kuchukua saa ndege ilipoanguka, saa njiwa alipofika, mwelekeo wa upepo, na uzito wa mafuta manyoyani uliompunguzia kasi, wakakokotoa umbali. Msako ulihamishiwa huko, na wote wanne wakaokolewa. Njiwa alipewa nishani ya Dickin, ya wanyama wa vitani, Desemba 1943. Wapo wanaoisimulia kama hadithi ya mnyama mwaminifu. Sisi tunaona ni hadithi ya hesabu nzuri.

Baadaye Wamarekani walisambaza redio ndogo ya njano ya kubana kati ya mapaja na kuzungusha kwa mkono. Ilituma SOS yenyewe kwenye masafa ya kilohezi 500, na waya wake wa mita 90 ulipandishwa juu kwa tiara au puto. Waingereza nao walianza kudondosha mashua nzima kwa parashuti: ya mbao, yenye injini na tanga, uzito wa kilo 770 hivi. Mara ya kwanza ilipofanikiwa vitani ilikuwa tarehe 5 Mei 1943, kwa watu wa ndege ya Halifax. Zote hizo, redio, mashua na njiwa, zilisubiri jibu la swali moja: wako wapi?

*Mtu anakaa hai majini muda gani? — A.S., Bujumbura*

Inategemea baridi. Maji ya nyuzi 5, kama ya Bahari ya Kaskazini wakati wa baridi, huua vidole kwanza: ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano huwezi kufunga kamba wala kufungua fataki. Fahamu hupotea kati ya nusu saa na saa moja. Jaketi okozi linaendelea kumwelesha mtu aliyekwisha kufa.

Bahari ya joto ina adui wengine: kiu, jua na papa. Mfano unaojulikana sana ni B-24 iliyoanguka kusini ya Hawaii tarehe 27 Mei 1943, nayo ikiwa katika safari ya kuitafuta B-24 nyingine iliyopotea. Walikuwemo 11, wakatoka watatu. Mmoja alifariki siku ya 33. Wawili, rubani Russell Phillips na mwanariadha wa Olimpiki Louis Zamperini, walielea siku 47 hadi Visiwa vya Marshall, wakakamatwa na Wajapani. Waliishi kwa maji ya mvua, ndege wa baharini na samaki wachache.

*Hiyo Heaven Can Wait ilipatikanaje, na mifupa inabakije baharini miaka 80? Mimi nilidhani bahari hula kila kitu. — Bi. Z., Maskati*

Bi. Z., bahari hula kilicho wazi. Kilichofunikwa na tope lisilo na oksijeni hukaa. Ndege inapogonga maji kwa nguvu na kuzama, sehemu zake huzikwa na tope la miaka mingi, na kilichomo ndani kinazikwa nacho. Ndege iliyokaa juu ya mwamba au mchanga unaopigwa na mkondo haina bahati hiyo.

Kuhusu namna ilivyopatikana, kazi kubwa ilifanyika mezani. B-24 hii, ya kundi la 90 la mabomu, ilikuwa na watu 11 na ilikuwa inashambulia ngome za Wajapani za kuzuia ndege karibu na Awar Point. Ilipigwa, moto ukatoka sehemu ya ghala, mkia ukakatika, ikaingia baharini. Wenzao kwenye ndege nyingine waliona. Hapo ndipo ilipo tofauti na zile za usiku wa Bahari ya Kaskazini: walikuwapo mashahidi, na ushahidi wao uliandikwa. Baada ya vita, idara ya makaburi ya jeshi la Marekani ilitafuta bila mafanikio, kwa kuwa vifaa vya kuona chini ya maji havikuwapo.

Ndugu wa mmoja wa waliopotea walikusanya ripoti, shajara na maelezo ya mashahidi, wakachora ramani. Oktoba 2017 shirika la Project Recover lilikwenda na sona (chombo cha kuona chini ya maji kwa mwangwi wa sauti) ya kupiga picha kwa pembeni, likakagua karibu kilomita za mraba 27 za sakafu ya ghuba, likaipata. Pima mwenyewe: kilomita 27 za mraba badala ya 85,000 za swali lililotangulia. Hiyo ndiyo thamani ya shahidi aliyeandika mahali.

Kuifikia ikawa shughuli nyingine. Ipo kwenye kina cha mita 65, ambako kanieneo ni mara saba na nusu ya hewa tunayovuta. Mzamiaji akivuta hewa ya kawaida pale, nitrojeni inamlewesha, na oksijeni inakuwa kali kiasi cha kufikia kiwango cha kumtia kifafa. Na akikaa dakika ishirini tu, anadaiwa muda mrefu wa kupanda taratibu, la sivyo gesi inatoa mapovu damuni. Mwaka 2023 wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji la Marekani walitumia njia ya kuishi ndani ya kanieneo. Wanafungiwa kwenye chemba melini, wanakula na kulala humo siku kadhaa wakiwa na kanieneo ileile ya chini, wanavuta mchanganyiko wa heliamu na oksijeni, wanashuka kwa kengele ya chuma na kurudi. Mwili ukishashiba gesi, haushibi zaidi. Kwa hiyo deni la kupanda ni lilelile ukikaa siku moja au kumi, na linalipwa mara moja tu mwishoni, kwa siku kadhaa. Tope waliloondoa lilipandishwa juu na kuchekechwa kwenye nyavu za chuma, tone kwa tone. Jino moja au kifungo kina maana.

Utambuzi hufuata njia tatu: meno, vipimo vya mifupa, na DNA. Kwa mifupa mikuukuu hutumika DNA ya mitokondria, ambayo mtu hurithi kwa mama. Kwa hiyo mtoto wa kaka hafai. Anatafutwa mtoto wa dada, au mjukuu wa dada kupitia binti. Mwaka 2024 idara ya Marekani ya kutafuta waliopotea vitani, DPAA, ilitangaza kuwatambua wanne, akiwemo rubani, Luteni Herbert Tennyson. Wakati huo saba walikuwa bado. Kwa jumla DPAA inahesabu zaidi ya Wamarekani 81,000 waliopotea tangu Vita vya Pili, na zaidi ya 41,000 kati yao inadhaniwa wako baharini.

*Kama zinajulikana zilipo, si zitolewe zikae makumbusho? — M.K., Dodoma*

Kutoa ni rahisi kuliko kutunza. Alumini ya ndege ni mchanganyiko wa metali, na imeshikamana na chuma na magnesi. Ndani ya maji ya chumvi vitu hivyo hutengeneza betri inayokula alumini polepole. Ikishapandishwa na kukauka, chumvi iliyojificha kwenye vitobo huanza kazi upya kwa kasi zaidi. Bati linabanduka tabaka kwa tabaka ndani ya miezi.

Mfano ni Dornier 17 ya Kijerumani iliyodunguliwa tarehe 26 Agosti 1940, ikazama kwenye mchanga wa Goodwin, pwani ya Kent, Uingereza, kina cha mita 15 hivi. Makumbusho ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, yaliipandisha tarehe 10 Juni 2013. Mpango wa kwanza ulikuwa kuijengea fremu chini ya maji. Hali ya hewa ikakataa, wakalazimika kufunga nyaya kwenye sehemu zake imara na kuinyanyua hivyohivyo. Kisha ikawekwa kwenye mahema marefu huko Cosford na kunyunyiziwa mchanganyiko wa asidi ya sitriki na hidroksidi ya sodiamu, mfululizo, kwa muda mrefu, hadi chumvi ipungue. Iliruhusiwa kwa urahisi kwa sababu hapakuwa na mtu ndani: kati ya wanne, wawili walitekwa wakiwa hai na miili ya wawili ilipatikana ufukweni baadaye.

Uholanzi ina utaratibu tofauti. Tangu 2019 serikali hutoa mabaki pale tu inapoonekana kuna miili inayoweza kupatikana. Mwaka 2020 walitoa ndege ya mabomu ya Uingereza, Stirling BK716, kutoka ziwa Markermeer; kabla ya hapo mabaki hayo yalidhaniwa kwa miaka kuwa ya Stirling nyingine, BK710. Ndege mbili za aina moja, zilizopotea eneo moja, na familia saba nusura zipewe kaburi la watu wengine.

*Babu alikuwa kibarua Kipevu wakati wa vita. Alikuwa akisema kuna ndege zilizoondoka alfajiri hazikurudi. Hao Wazungu wameandikwa wapi? Makaburi ya Nairobi sikuwaona. — J.O., Mombasa*

Babu yako alisema kweli kuhusu Kipevu. Zilikuwa Catalina, ndege-boti za doria zilizobeba mabomu ya kulipua nyambizi. Skwadroni za 209 na 259 zilifanyia kazi hapo. Ya 259 ilihamia Dar es Salaam mwaka 1943, na ya 265 ilikaa Diego Suarez, Madagaska. Tarehe 20 Agosti 1943 Catalina za skwadroni za 259 na 265 zilizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini ya Madagaska.

Hukuwaona Nairobi kwa sababu majina ya wanahewa wasio na kaburi wa Afrika Mashariki, Aden na Madagaska yamechongwa Misri, kwenye ukumbusho wa Alamein. Watu wengi hupoteza muda hapa. Walioruka kutoka Uingereza wako Runnymede, karibu na London, ukumbusho uliofunguliwa Oktoba 1953 wenye majina zaidi ya 20,000. Waliopotea upande wa Ceylon (Sri Lanka ya leo) na mashariki yake watafute Singapore. Mwili ukipatikana, mtu huzikwa karibu: upande wetu kuna makaburi ya Mbaraki Mombasa na ya vita Dar es Salaam.

Ukumbusho wa Afrika Mashariki ulio Nairobi ni wa askari wa nchi kavu. Humo wamo wapiga mizinga wetu wa meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo na kuzamishwa na nyambizi ya Kijapani I-27 tarehe 12 Februari 1944. Walikufa watu 1,297. Kama kuna Waafrika Mashariki unaotaka kuwatafuta baharini, anza na meli hiyo kabla ya ndege yoyote.

Namna ya kutafuta: ingia kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, weka tarehe na jina la ukumbusho hata kama hujui jina la mtu. Watu wenye tarehe moja na skwadroni moja kwa kawaida ni wa ndege moja. Kisha chukua skwadroni na mwezi, omba daftari la kazi zake kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, mfululizo wa AIR 27. Fomu 541 inataja ndege, watu wake, saa ya kuondoka na kazi waliyopewa. Fomu 540 ni muhtasari wa siku. Angalia saa: nyingi zimeandikwa kwa saa ya Greenwich, kwa hiyo "alfajiri" ya babu inaweza kusomeka saa nane usiku.

Na usishangae ukikuta tarehe ya kifo lakini hakuna maelezo. Mtu aliandikwa "hajulikani alipo", na kwa kawaida baada ya miezi sita akahesabiwa amekufa. Baada ya vita kikosi maalumu cha RAF kilifuatilia wanahewa 41,881 waliopotea. Hadi kinafunga kazi, 23,881 walikuwa na kaburi linalojulikana na 9,281 walikuwa wameandikwa rasmi kuwa baharini.

*Mimi ni mzamiaji. Nikikutana na mabaki ya ndege ya vita, naruhusiwa kuchukua kitu kidogo cha kumbukumbu? — Nahodha, Pemba*

Hapana, na sababu ya kwanza ni uhai wako. Vilipuzi vya miaka ya 1940 havizeeki kwa upole. Fyuzi yake inaweza kuwa imeoza kiasi cha kutosubiri kuguswa mara mbili. Sababu ya pili ni sheria. Ndege ya kijeshi hubaki mali ya serikali yake. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayolinda mabaki yote ya ndege zake za kijeshi, Marekani ina ya mwaka 2004. Na sheria za nchi uliyopo ziko juu ya kichwa chako pia.

Unachoweza kufanya kina thamani kubwa. Chukua alama ya GPS ukiwa juu kabisa ya mabaki, si pale mashua ilipotia nanga. Andika kina na hali ya maji, kupwa au kujaa. Piga picha ya jumla kwanza, kisha umbo la bawa, idadi ya injini, idadi ya panga za rafadha na kama zimepinda: zilizopinda nyuma kwa usawa huonyesha injini ilikuwa inazunguka kwa nguvu ndogo au imezimika, zilizojikunja kuelekea mbele ilikuwa na nguvu. Usisugue matumbawe. Usipanue tundu ili uone ndani. Kama unaona kibati chenye namba, kipige picha kutoka pembe tatu ukimulika kurunzi kwa ubavu, maana herufi zilizolika huonekana kwa kivuli chake.

Namba ya mkiani huwa imekwisha kufutika. Zinazobaki ni za injini na za rashasha, kwa kuwa zimegongwa kwenye chuma. Kwa ndege za Marekani zilizopotea kuanzia 1943, ripoti ya kupotea kwa wahudumu iliorodhesha namba za injini zote na za rashasha zilizofungwa. B-24 moja ilibeba hadi rashasha kumi, na namba moja inayosomeka inatosha kuondoa ubishi wa ndege ipi. Peleka picha hizo kwa mamlaka ya mambo ya kale na kwa ubalozi wa nchi inayohusika, na mahali penyewe usipatangaze kwa mtu mwingine hadi wakujibu, kwani wauza vyuma chakavu nao huzamia.